Mtoto anarudi Nairobi kusoma chuo: mwambie haya kuhusu darasani

Kila Septemba inapokaribia, simu yangu hulia saa za ajabu. Leo ni binamu aliye Minneapolis, kesho ni shemeji wa Doha, keshokutwa ni mtu niliyesoma naye ambaye siku hizi yuko Leeds. Wote wana swali moja: kijana anakuja kuanza chuo kikuu huko nyumbani, nimwambie nini? Hosteli wameshaiwaza, usalama wameuwaza, hata bei ya godoro wanaijua. Darasa hawaliwazi kabisa, kwa kuwa wanadhani darasa ni darasa popote. Mimi hufundisha vipindi vya jioni hapa mjini, na nimewaona vijana wetu waliokulia ng'ambo wakikwama pale pale.

Nianze na karatasi ya mahudhurio. Usifikirie mashine wala kadi ya kugusisha mlangoni, ingawa vyuo vingine vinazo. Mara nyingi ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari, umepigwa mistari kwa kalamu: jina, namba ya usajili, sahihi. Huanzia safu ya mbele, hupita mkono kwa mkono, na ukifika nyuma pembe zimekunjika na umebeba majina ya watu ambao bado wako kwenye matatu pale Roysambu. Hilo la kumtilia mwenzako sahihi ni kosa, na siku mhadhiri akiamua kuhesabu vichwa, aliyetia na aliyetiliwa wote wamo matatani.

Mpwa wangu alikuja kutoka Doha, kijana mtulivu, hakosi kipindi. Lakini alizoea kuchelewa dakika kumi, akikuta karatasi imeshampita. Akanyamaza, akidhani mwalimu amemwona, basi yatosha. Vyuo vingi hapa humtaka mwanafunzi awe amehudhuria angalau theluthi mbili ya vipindi, vingine robo tatu, ndipo aruhusiwe kufanya mtihani. Wiki ya kumi na mbili jina lake likabandikwa ubaoni, kwenye orodha ya wasiotimiza. Mwalimu alimjua kwa sura, hata akamwonea huruma, lakini ofisini hawasomi sura. Kwa hiyo mwambie wako: kipindi kikiisha na hujatia sahihi, usitoke. Nenda ukaitafute hiyo karatasi.

Aliye nayo karatasi kwa kawaida ni mwakilishi wa darasa, repu kwa lugha ya wanafunzi. Mzazi wa ng'ambo humchukulia repu kama kiranja wa shule ya msingi. La hasha. Repu ndiye anayepigiwa simu na mhadhiri saa kumi na mbili asubuhi kwamba kipindi kimeahirishwa, ndiye anayesambaza maandishi ya somo, ndiye anayejua chumba kimebadilishwa kutoka ghorofa ya pili hadi jengo la ng'ambo ya barabara. Yote hayo hupitia kundi la WhatsApp. Ratiba iliyo kwenye tovuti ya chuo ni nzuri kuitazama, lakini anayeifuata peke yake atakuja kukaa na viti vitupu. Kijana apate laini ya hapa wiki ya kwanza, aingie kwenye kundi la kila yuniti, yaani kila somo la muhula, na amsalimie repu vizuri.

Kuhusu alama, hapa ndipo wazazi hupata presha bure. Katika vyuo vingi vya umma, kazi za muhula, yaani CAT (majaribio madogo ya darasani kabla ya mtihani wa mwisho) na insha, hubeba 30 kwa mia, na mtihani wa mwisho 70. Maana yake hakuna kujiokoa kwa vijikazi vya kila wiki kama alivyozoea high school ya Marekani. Karatasi moja ya saa mbili inaweza kuamua yuniti nzima. Halafu kipimo chenyewe ni tofauti. Kuanzia 70 ni A. Kati ya 60 na 69 ni B, na mwenye wastani huo anaelekea daraja la pili la juu, shahada ambayo mwajiri wa hapa anaiheshimu. Kupita ni 40, isipokuwa kozi kama udaktari ambako ni 50. Kwa hiyo mwanao akikuandikia "Mama, nimepata 64," usimpigie kelele. Mpongeze. USIU, chuo kikuu cha binafsi kule Kasarani, ni hadithi nyingine, maana wao hufuata mfumo wa Kimarekani, na mtoto wa Minnesota hatapata shida kuuelewa.

CAT ikirudishwa, aihifadhi. Naomba nirudie: aihifadhi. Kuna ugonjwa wa miaka mingi katika vyuo vyetu unaoitwa alama kupotea. Ulifanya mtihani, ulitia sahihi ya kuingia chumbani, na matokeo yanatoka na pengo mbele ya jina lako. Dawa yake ni ushahidi: karatasi ya CAT yenye wino mwekundu, kadi ya mtihani, picha ya kazi uliyowasilisha ikiwa na tarehe. Asiye na hivyo huzungushwa ofisi hadi ofisi mpaka wenzake wanavaa majoho.

Lugha ya darasani nayo ina adabu yake. Mhadhiri haitwi kwa jina la kwanza, hata kama ni kijana wa miaka 29 aliyevaa raba. Ni Daktari au Prof, na usipojua cheo, Mwalimu halikosei mtu. Kupinga hoja kunaruhusiwa, ila kuna mlango wake: "Samahani Mwalimu, hapo naomba ufafanuzi." Kijana mmoja darasani kwangu aliniambia mbele ya watu sitini, "Hapo umekosea." Kweli nilikuwa nimekosea. Darasa zima lilishusha pumzi kwa pamoja, na mimi nikahitaji wiki mbili kumpenda tena.

Barua pepe ikikaa siku tano bila jibu, si dharau. Aende ofisini, abishe hodi, asalimie kwanza, kisha aseme shida.

Mavazi: vyuo vingi havina neno, lakini Chuo Kikuu cha Strathmore pale Madaraka wana kanuni ya mavazi na wanaifuata, hivyo jinzi zilizochanika zibaki nyumbani.

Chumba cha mtihani hakina mzaha. Simu nje, mkoba nje, kadi ya mtihani na kitambulisho juu ya meza. Kikaratasi cha kuibia majibu huitwa mwakenya, na wengi husimulia kuwa jina hilo lilitoka kwa vuguvugu la siri la miaka ya 1980 lililosambaza vijikaratasi gizani. Jina linachekesha, adhabu haichekeshi: unaweza kufukuzwa chuo. Na insha iliyotungwa na akili bandia (AI) nayo hukaguliwa siku hizi.

Kadi ya mtihani haitolewi kwa mwenye deni la karo. Pesa zinazotoka ng'ambo kwa benki huchukua siku kadhaa, wakati mwingine hurudishwa kwa kukosewa namba ya usajili. Tuma wiki tatu kabla ya mitihani, si usiku wa kuamkia. Tiketi ya likizo nayo nunua ile inayobadilishika, kwa sababu mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma wa mwaka 2025 ulidumu siku 49, na kalenda zote zikavurugika.

Nawe mzazi, usimpigie simu mkuu wa kitivo ukiwa Leeds. Mtoto ameshafika miaka 18, na ofisi itamtaka yeye. Aende mwenyewe, saa mbili asubuhi kabla foleni haijajaa, na bahasha yake ya karatasi mkononi.