SOMO: Mkaguzi wa hataza amekuandikia kuhusu almasi nano zako? Soma hapa kabla ya kunipigia

Salaam kwenu nyote. Juma hili nimepigiwa simu tatu kwa jambo lile lile, moja nikiwa kwenye foleni ya samaki: mkaguzi wa hataza ameyapinga maombi, ajibiweje? Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Mimi nakaa Malindi, kazi yangu ni kupekua hataza na kuandika madai (sentensi za kwenye maombi zinazosema ni kitu gani hasa unataka kilindwe) kwa niaba ya mawakala. (Hataza ndiyo hiyo patenti. Hakimiliki ni ya kitabu na wimbo, msizichanganye.) Mfano wangu ni huo mnaoniulizia: almasi nano, yaani chembe za almasi ndogo zisizoonekana kwa macho, zilizopakwa kitu juu ("uso uliobadilishwa") ili zibebe boroni hadi kwenye uvimbe wa saratani.

Kwa mgeni wa habari hii: boroni-10 (aina moja ya atomi za boroni) ikikutana na nyutroni ya polepole huinasa, kisha hupasuka ikatoa chembe alfa na lithi-7. Vipande hivyo haviendi mbali, chini ya maikromita 10, kiasi cha upana wa seli moja. Basi huumia seli iliyobeba boroni, jirani akasalimika. Gordon Locher alilileta wazo hili mwaka 1936, miaka 4 tu baada ya Chadwick kuigundua nyutroni. Tabu tangu siku hizo ni mzigo: huhitajika takriban maikrogramu 20 za boroni-10 kwa kila gramu ya uvimbe, na nyama isiyo na ugonjwa ibaki na kidogo. Hapo ndipo almasi zinapopewa kazi ya uchukuzi.

Hatua 1. Tazama tarehe ya mwisho ya kujibu. Ibandike ukutani.

Hatua 2. Chapa dai la kwanza, likate vipande: kito (almasi yenyewe), boroni, kinachoishikisha, koti la juu, ukubwa, matumizi.

Hatua 3. Tafuta nyaraka alizozitaja mkaguzi. Espacenet na Patentscope, hazina za hataza za mtandaoni, ni bure. Ukitaka kupekua zaidi, anza na namba za mafungu ya hataza: A61K 41/0095 (tiba ya boroni na nyutroni) na C01B 32/25 (almasi).

Hatua 4. Linganisha. Kila kipande cha dai kinaitwa sifa, na sisi wa pwani tunaijua sifa nyingine, mafuta ya papa ya kupaka chombo. Hapa zote mbili zimo: mkaguzi anataka kujua umepaka nini ambacho mwenzio hakupaka. Kwenye pingamizi la upya (je, kitu hiki kilishakuwepo?), waraka mmoja peke yake lazima uwe na sifa zako zote ndipo akuangushe. Kwenye lile la hatua ya ubunifu (je, fundi angelifikia kirahisi?) anaruhusiwa kuunganisha nyaraka mbili, mradi aonyeshe kwa nini fundi wa kawaida angeziunganisha. Watu hujibu la pili kwa maneno ya la kwanza, kisha wanalalamika wameonewa.

Hatua 5. Sema tofauti hiyo inafanya nini. "Koti letu ni bora" si jibu. Almasi tupu zikiingia kwenye maji ya chumvi hugandana, na mwilini huishia kwenye ini na wengu. Ukiwa umezivika poligliseroli (polima inayopenda maji), onyesha zilivyokaa zimetawanyika na zile tupu zilivyozama, kwa maji yale yale na kipimo kile kile.

Hatua 6. Futa dai la "njia ya kutibu". Kifungu cha 21 cha Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya 2001 hakiikubali njia ya kutibu mwili wa binadamu, lakini kinakiacha salama kitu kinachotumika katika tiba hiyo. Ulaya nao vivyo hivyo. Andika "chembe ... kwa matumizi katika tiba ya kunasa nyutroni". Marekani wanakubali njia, kwa hiyo ya huko iache ilivyo.

Hatua 7. Ukubwa. Hapa niliumia mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma niliandika "chembe zenye ukubwa wa nanomita 10 hadi 30", nikajiona fundi. Mkaguzi akaleta waraka wa zamani wenye almasi zilizovikwa koti kama letu, za nanomita 50. Nikamjibu kwa kiburi kwamba 50 si 30. Akauliza swali moja tu: mmepimaje? Wenye waraka ule wa zamani walipima kwa mtawanyiko wa mwanga, ambao huhesabu kito pamoja na koti na maji yaliyoling'ang'ania. Maabara yetu ilitumia hadubini ya elektroni, inayoona kito chenyewe, koti haionekani vizuri. Chembe ile ile yaweza kuwa 20 huku na 50 kule. Mimi sikuwa nimeandika kipimo popote, hata mstari mmoja. Wenye maabara walikumbuka kila kitu, na daftari walikuwa nalo, lakini daftari halikuwa ndani ya maombi siku yalipowasilishwa, na kisichokuwemo siku ile huwezi kukipenyeza baadaye. Tukaitoa namba, na dai bila namba likafanana na waraka wa zamani kama pacha. Maombi yakafa. Aliyelipia hakunitukana, angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Kwa hiyo andika tangu siku ya kwanza: chombo gani cha kupimia, kwenye kimiminika gani, wastani wa idadi au wa ujazo, pamoja na koti au bila koti. Na uweke ngazi za kurudi nyuma: 10 hadi 100, kisha 10 hadi 50, kisha 10 hadi 30. Mkaguzi akikubana, uwe na pa kukanyaga.

Hatua 8. Mpe mwingine asome, tuma, hifadhi risiti.

---

dogojanja: Mkuu sijasoma yote. Hataza ya dunia nzima ni shilingi ngapi?

Mwandishi: Hakuna kitu hicho. Njia ya PCT (mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza) ni maombi tu. Kwa nchi nyingi inakupa miezi 30 tangu tarehe ya kwanza ya kuwasilisha kabla ya kuingia nchi moja moja. Na usome yote.

dogojanja: Sawa, basi nitumie sampuli ya jibu nibadilishe majina.

Mwandishi: Sitoi.

mwanakemia_kilifi: Shikamoo maalim. Mimi boroni yangu imo ndani ya kito chenyewe, haikushikishwa juu. Bado ni "uso uliobadilishwa"? Halafu nilionyesha bango kwenye kongamano miezi 5 iliyopita, nimejiharibia?

Mwandishi: Marahaba mwanangu, haya ndiyo maswali. Boroni ikiwa ndani, uso haujabadilishwa na boroni. Andika madai mawili tofauti, la ndani na la juu, la sivyo waraka unaogusa moja utayaua yote mawili. Tena taja isotopu, yaani ni boroni ya aina gani. Boroni ya kawaida ina boroni-10 kama asilimia 20 tu, iliyobaki ni boroni-11, ambayo kwa kazi hii ni abiria. Kama mliitumia iliyokolezwa, isemwe na kiwango chake. Bango: sheria ya Kenya inakusamehe miezi 12 kwa ulichofichua mwenyewe, Marekani na Japani nao wana mwaka. Ulaya hawana msamaha huo. Wasilisha mwezi huu, na usiweke bango jingine. Niandikie faragha, sitakutoza.

wakili_mtaani: Umepotosha. Data mpya inaruhusiwa kuletwa baada ya kuwasilisha.

Mwandishi: Sikusema data, nilisema maandishi ya maombi. Majaribio mapya unaweza kuyaleta kama ushahidi wa faida ambayo maombi tayari yaliifundisha. Ofisi ya hataza ya Ulaya waliliamua hilo katika uamuzi wa rufaa G 2/21 mwaka 2023. Lakini huwezi kuyaandika ndani ya maelezo wala kuyatolea dai. Nakubali hatua ya 7 ingeweza kusomeka ulivyoisoma.

mzee_wa_ngalawa: Almasi hizi za Mwadui au za wapi? Mgonjwa atazilipia?

Mwandishi: Hahaha, za Mwadui ziache ziende kwenye pete mzee wangu. Nyingi za hizi hutoka kwenye baruti: TNT na RDX hulipuliwa kwenye chumba kilichofungwa, kaboni ya baruti yenyewe ikageuka vito vya nanomita 4 hadi 5. Baada ya hapo ni kuosha masizi kwa asidi.

mzee_wa_ngalawa: Yaani bomu linazaa dawa. Haya.

Bi_Shela: Nyaraka za Kijapani mnazisomaje? Nimekwama na moja hapa Lamu siku mbili.

Mwandishi: Espacenet ina kitufe cha tafsiri ya mashine. Inatosha kujua waraka unahusu nini, haitoshi kujibia mkaguzi.

mwanakemia_kilifi: Na jedwali mara nyingi ni picha, mashine haizitafsiri. Fungua waraka wa asili, namba na vipimo vinasomeka hata bila Kijapani.

Mwandishi: Kweli kabisa. Ningeiongeza kwenye hatua ya 3 sasa hivi, ila stima imepotea na simu ina asilimia 6.