Kutenganisha faili za udhibiti za kanzidata ya Oracle

Msimu wa mvua uliopita niliitwa katika ofisi moja ya mizigo karibu na bandari ya Kigoma, ambako umeme ulikuwa umekatika mara tatu asubuhi ile na kanzidata ikagoma kuwaka, ikitoa kosa ORA-00205, yaani imeshindwa kuitambua faili ya udhibiti. Data ilikuwa salama. Kilichoharibika ni faili ya udhibiti, iliyokuwa na nakala mbili kwenye diski moja, jambo ambalo kwangu ni sawa na kutokuwa na nakala.

Faili hii ni ndogo, lakini ndiyo inayotunza jina la kanzidata, mahali zilipo faili za data na za redo (kumbukumbu za mabadiliko), pamoja na namba ambazo Oracle huzitumia kuhakikisha kuwa faili zote zinakwenda sambamba. Isiposomeka, kanzidata haifiki hata hatua ya MOUNT, ambayo huja kabla ya kufunguliwa kwa matumizi.

Hatua ya 1. Ingia kama SYSDBA (msimamizi mkuu wa kanzidata), uulize zilipo faili za udhibiti:

SELECT name FROM v$controlfile;

Hatua ya 2. Andika orodha mpya, ukitaja na zile unazozibakiza:

ALTER SYSTEM SET control_files='/u01/mizigo/control01.ctl','/u02/mizigo/control02.ctl' SCOPE=SPFILE;

SPFILE ni faili ya mipangilio inayosomwa kanzidata inapowashwa. Hakikisha kwa lsblk, amri ya Linux ya kuorodhesha diski, kuwa /u02 ni diski nyingine kweli, si kipande cha ileile.

Hatua ya 3. Toa amri ya SHUTDOWN IMMEDIATE, ndipo unakili faili ya /u01 kwenda /u02 kwa cp, amri ya Linux ya kunakili. Wengi huharibia hapa: ukinakili wakati kanzidata inafanya kazi, nakala hazitalingana, na ukiwasha utakutana na ORA-00214, kosa la nakala zisizolingana.

Hatua ya 4. STARTUP, kisha rudia swali la kwanza.

Tangu hapo Oracle huandika kwenye nakala zote, ingawa husoma ile ya kwanza tu. Usitarajie kazi iendelee diski moja ikifa, kwa maana nakala moja ikikosekana kanzidata husimama. Nafuu yako ni kwamba utanakili ile nzima mahali pa iliyoharibika na kuwasha tena.

Hatua ya 5. Kila unapoongeza faili ya data, toa maandishi ya kuiunda upya faili ya udhibiti:

ALTER DATABASE BACKUP CONTROLFILE TO TRACE AS '/u02/nakala/udhibiti.sql' REUSE;

Kule bandarini tuliokolewa na maandishi ya namna hiyo yaliyokuwa kwenye flashi ya mhasibu. Yalikuwa ya zamani kuliko faili moja ya data, na kuitafuta faili hiyo kulitukesha hadi alfajiri.