Kotimiri ya kwenye ndoo, kwa mbegu za jikoni

Kama unapenda kotimiri (dania) mbichi kwenye kachumbari, usihangaike kutafuta pakiti ya mbegu. Chukua giligilani nzima ya dukani, ile ambayo haijakaangwa. Isugue taratibu kwa kiganja juu ya meza hadi punje zipasuke, maana kila punje ina mbegu mbili ndani. Loweka usiku kucha, kisha panda moja kwa moja kwenye ndoo iliyotobolewa chini, kina cha sentimita 1 hivi. Habari za kuotesha kitaluni halafu kuhamisha achana nazo. Mizizi yake haitaki usumbufu. Joto la Dar au Mombasa huifanya ichanue upesi, basi iweke penye kivuli cha mchana. Ukichuma, anza na majani ya nje. Mizizi nayo usitupe: itwange na kitunguu saumu, tia kwenye mchuzi.