Somo: Unasoma Uingereza, unataka kuja Idi nyumbani na unataka kazi

Assalaam alaykum. Kila Ramadhani ikikaribia simu yangu hailali. Watoto wetu walioko Uingereza wanauliza mawili tu: nitokeje nirudi bila matatizo, na kazi niliyopata niifanye au niiache? Nimesoma huko nikarudi Unguja, basi leo nayaandika yote pamoja. Haya ni ya wenye viza ya mwanafunzi wa Uingereza. Walioko Malaysia au Uturuki wana sheria zao.

Hatua ya 1: pasipoti. Hapa ndipo nilipoumia mwenyewe. Zile kadi za plastiki za ukaazi ziliisha muda tarehe 31 Desemba 2024. Viza sasa imo ndani ya akaunti ya mtandaoni ya uhamiaji wa Uingereza, na akaunti inakutambua kwa nambari ya pasipoti. Mimi nilikuja likizo, nikabadilisha pasipoti hapa hapa nyumbani, nikaona mambo yamekwisha. Siku ya safari, binti wa kaunta akaingiza nambari, akaniangalia, akaingiza tena. "Dada, mbona viza haionekani?" Mama alikuwa ameshanifungia halua ya Wete kwenye kipakacha. Nikakaa juu ya begi, nabonyeza simu huku foleni inanipita, mpaka ndege ikaondoka. Kwa hivyo: ukipata pasipoti mpya, ingia kwenye akaunti siku hiyo hiyo uiongeze, usikate tiketi mpaka uone imekubali, na ya zamani safiri nayo.

Hatua ya 2: ruhusa ya chuo. Chuo ndicho mdhamini wako. Likizo ya chuo ikiwa imefika, njoo. Lakini Idi inafuata mwezi, haifuati kalenda yao, na ikiangukia katikati ya muhula omba ruhusa kwa maandishi. Chuo kikiacha kukudhamini kitaiarifu serikali, na viza inaweza kukatwa. Rudi na barua ya chuo kwenye begi la mkononi, maana afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza unasoma nini na wapi.

Hatua ya 3: saa za kazi. Wa shahada ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, walio chini ya shahada ni 10. Wiki ni Jumatatu mpaka Jumapili. Hakuna kufidia: ukifanya 12 wiki hii, wiki ijayo haziwi 28. Ukiwa na kazi mbili, saa zinajumlishwa. Likizo rasmi unaruhusiwa kufanya kazi kutwa. Mwajiri atataka kuhakikisha, nawe unamtolea nambari maalumu kutoka kwenye akaunti ile ile. Inaanza na herufi W na inadumu siku 90.

Hatua ya 4: kazi ambayo sisi hatuiiti kazi. Mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri. Kwetu mtu akikaanga vitumbua akawauzia majirani, nani atasema ana biashara? Kule ni biashara. Kupeleka chakula kwa baiskeli kupitia programu za simu, ambako wewe hujaajiriwa na mtu, nako ni kujiajiri, na vijana wengi wamenaswa hapo. Kupiga udi au kuimba taarabu harusini kwa malipo pia hakuruhusiwi, kwani utumbuizaji umekatazwa wenyewe kwa jina.

Hatua ya 5: ukimaliza. Viza ya wahitimu, ile ya kubaki ufanye kazi baada ya masomo, inaombwa ukiwa ndani ya Uingereza, kabla ya ya mwanafunzi kuisha, na chuo kiwe kimeshaarifu kwamba umefaulu. Anayeomba mpaka tarehe 31 Desemba 2026 anapata miaka 2. Kuanzia 2027 ni miezi 18. Wa uzamivu ni miaka 3.

Maswali

*Dada, mimi ni wa uzamili. Madarasa yamekwisha, nimebaki na tasnifu tu. Juni mpaka Septemba si likizo?*

Si likizo, mdogo wangu. Mpaka uikabidhi tasnifu, kwa kawaida wewe bado uko muhulani: saa 20. Likizo ndefu ya kiangazi ni ya wenzako wa shahada ya kwanza.

*Nachora piko kwa rafiki zangu usiku wa kuamkia Idi, wananipa pauni kumi kumi. Na hilo?*

Ukimchora rafiki yako akakununulia chai, hakuna neno. Ukiweka bei na picha mtandaoni, umeshafungua duka. Acha, dada, viza yako ina thamani kuliko piko.

*Mwanangu, kijana wangu kahitimu na anaomba hiyo viza ya wahitimu. Bibi yake hajiwezi, Chake Chake. Aje kumwona?*

Shikamoo baba, Mungu amponye bibi. Akitoka Uingereza ombi likiwa halijajibiwa, linahesabiwa amelifuta. Hebu muulize kwanza: ameshalituma au bado anajaza?

*Marahaba. Nimempigia. Anasema amejaza, hajatuma.*

Basi aliache hapo hapo, akate tiketi ya kwenda na kurudi. Aangalie tarehe ya mwisho ya viza aliyonayo, arudi mapema kabla yake, na barua ya chuo mkononi. Atume akishafika kule.