Chambo cha ndoana kwa samaki wa Ziwa Kivu

Mvuvi wa ndoana anayekaa juu ya mawe ya ufukwe wa Bukavu ajue kwanza kwamba samaki, hasa maji yanapochafuka kwa tope baada ya mvua, hunusa chakula kabla ya kukiona: mnyoo aliyekatwa hutoa asidi za amino, yaani viini vinavyojenga protini, zinazoyeyuka majini, nazo humfikia kambale hata gizani, kwa kuwa sharubu na ngozi yake vimejaa viungo vya kuonjea. Kwa hiyo kata mnyoo vipande viwili, upitishe kimoja kwenye ndoana huku ukiacha ncha yake ining'inie na kujinyonganyonga, kisha ukibadilishe mara kinapokuwa cheupe na kulegea, maana utomvu wake umekwisha. Tilapia, ambaye hula zaidi mwani na mimea, hukubali bugali, yaani ugali. Ukande uwe mkavu kidogo, hadi usigande vidoleni, halafu ufanye tonge dogo kama punje ya mahindi. Mafuta ya mawese wanayoongeza wengine mimi siyaamini sana, kwani hayayeyuki majini, bali huelea juu. Wale samaki wadogo waitwao sambaza usiwahangaikie kwa chambo: hao hufuata taa usiku na huvuliwa kwa nyavu.