Breki ya mbele ikikwama, anza na nati ya hewa
Wenye Mazda MX-5 za zamani hapa Nakuru: ukishuka kutoka Mau Summit gari livute upande, na rimu moja ya mbele iwe ya moto sana, usikimbilie kununua kalipa (kibanio cha breki). Ipoe kwanza. Piga jeki, weka stendi, kisha legeza kidogo nati ya kutolea hewa iliyo kwenye kalipa. Gurudumu likiachia papo hapo, presha ilikuwa imefungiwa. Mara nyingi mpira wa breki (hozi ya mafuta ya breki) umeziba kwa ndani, hata kama nje unang'aa. Likikataa, kagua pistoni inayosukuma pedi kama ina kutu, na pini ambazo kalipa huteleza juu yake kama zimekauka. Pini zisugue, upake grisi ya silikoni. Ile ya beringi hapana, jamani! Inafurisha raba, na pini zitakwama tena. Ukimaliza, toa hewa, ongeza mafuta ya breki.