Lango la APRS Tanga: anza na la kupokea tu

Boti ikitoka Tanga na redio inayorusha mahali ilipo kwa APRS (mfumo wa redio ya ridhaa wa kutuma mahali ulipo kwa pakiti fupi za data), haionekani kwenye ramani ya intaneti mpaka kituo cha nchi kavu kiisikie na kuipeleka mtandaoni. Kituo hicho ndicho lango. Lango la kupokea tu halimvurugi mtu hewani, nalo ndilo la kuanzia. Utahitaji Raspberry Pi (kompyuta ndogo), adapta ya volti 5 na ampea 3, kipokezi cha redio cha USB cha RTL-SDR, programu ya Direwolf inayosoma pakiti, na ishara ya wito ya leseni yako ya redio ya ridhaa kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Kazi kubwa ni antena. Masafa ni 144.800 MHz, redio iliyotoka Marekani huenda imewekwa 144.390, na hapo hutasikia chochote. Kwenye soketi ya antena ya SO-239 simamisha fimbo ya shaba ya sentimita 49, kisha funga nne za sentimita 52 zikiinama chini nyuzi 45. Kebo ya RG-58 isizidi mita 10, maana urefu huo tu unakula karibu desibeli 2. Antena ikiwa mita 10 juu ya bahari, boti yenye antena ya mita 2 utaisikia hadi kilomita 19 hivi. Ukiipandisha hadi mita 20, unafika kilomita 24. Paa la Raskazone linaloangalia bahari ni zuri kwa boti. Magari yaliyo nyuma ya milima ya Usambara usiyategemee.

Chumvi ndiyo adui. Zungushia kiungo cha kebo na antena utepe wa mpira unaojigandisha, na uache kebo ining'inie kidogo chini ya tundu la ukuta ili maji yadondokee nje. Ukimenya kebo ukakuta nyuzi zimeota kijani, kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa.

Faili la lango.conf liwe hivi:

ADEVICE null null
CHANNEL 0
MYCALL ISHARA-10
IGSERVER rotate.aprs2.net
IGLOGIN ISHARA-10 NAMBARI
PBEACON sendto=IG delay=0:30 every=30:00 symbol="igate" overlay=R lat=05^04.00S long=039^06.00E

Kisha:

rtl_fm -f 144.80M - | direwolf -c lango.conf -r 24000 -D 1 -

Badala ya ISHARA andika ishara yako ya wito. NAMBARI ni nambari ya kuingilia kwenye seva, nayo hukokotolewa kutokana na ishara yako. Ukiikosea, seva inakupokea vizuri tu, kisha inatupa kila unachotuma. Tafuta neno "unverified" kwenye majibu yake. Kwenye lat na long weka mahali pa lango lako, kwa digrii na dakika. Ukiandika N badala ya S, Tanga inahamia kusini mwa Ethiopia. Simu nayo huonyesha digrii za desimali: 5.07 si dakika 7, ni 0.07 mara 60, yaani dakika 4.2. Kosa hilo linakusogeza kilomita 5.

Ukisikia mlio wa pakiti lakini hakuna kinachosomeka, kipokezi kimehama masafa, hasa kikipata joto. Hapa ppm 1 (sehemu moja kwa milioni) ni hezi 145, kwa hiyo ppm 20 ni karibu kilohezi 3, na pakiti zinaharibika. Subiri kipate joto kwa nusu saa, pima, kisha ongeza -p na idadi ya ppm kwenye amri ya rtl_fm. Kiwango cha sauti kinachoonyeshwa na Direwolf kiwe karibu na 50.

Kwenye redio ya boti weka njia (maelekezo ya vituo vya kurudisha pakiti hewani) WIDE1-1,WIDE2-1 na urushe kila dakika 2 au 3. Kila sekunde 10 ni kuziba masafa ya wenzako.